Malaika: Fadhili au Makeba?

Wimbo wa Malaika tunaujua sote, kuanzia Lurujo na Koboko hadi Ariwara ng'ambo ya mpaka. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa gitaa na sauti ya upole: kijana anapenda, lakini hana mali ya kuoa.

Mwaka 1965 Miriam Makeba aliutoa katika santuri yake na Harry Belafonte. Makeba alifungiwa mlango wa Afrika Kusini mwaka 1960, akarudi 1990. Akiuimba yeye, mpenzi asiyefikika huwa ni nyumbani.

Nikiwa mwanafunzi ukimbizini Zaire, nilimpenda Makeba. Leo, nikifundisha huku kwetu, namchagua Fadhili. Hamu ya nyumbani ilikwisha tulipovuka mpaka. Mahari vijana wetu bado wanaitafuta.