Picha ya Usiku: Heri Chenga Kuliko Mtikisiko

Ukipiga picha usiku pale Forodhani, Zanzibar, ikatoka na ukungu, usiifute kabla hujaikuza na kuzitazama taa. Kama kila balbu imechora kijimkia, na vijimkia vyote vimepinda kwa namna moja, mkono wako ndio uliocheza. Kama balbu zimetulia lakini muuza juisi ya miwa hana uso, aliyecheza ni yeye. Wengi huyachanganya haya mawili, kisha hukimbilia kununua stendi ya miguu mitatu. Stendi hutuliza kamera tu; haimtulizi mtu anayezungusha gurudumu la mashine ya miwa. Hata lenzi zenye kizuia mtikisiko hazimtulizi.

Kinachotibu yote mawili ni kufupisha muda ambao shata inabaki wazi. Tangu enzi za filamu ya milimita 35, wapiga picha wamefuata kanuni nyepesi: lenzi ya milimita 50, muda usizidi sekunde 1/50, ya milimita 200, usizidi 1/200, kwa kuwa lenzi ndefu hukuza mtikisiko kama inavyokuza sura. Tuseme lenzi umeshaifungua hadi mwisho, ISO ni 400, na kamera inadai sekunde 1/8. Hata ukibana viwiko mbavuni na kuegemea ukuta, hiyo ni bahati nasibu. Pandisha ISO hadi 3200, yaani mara nane, na muda unashuka hadi karibu 1/60.

Hapo ndipo watu husita, wakiogopa chenga. Ni kweli zitakuja, hasa kwenye vivuli. Lakini chini ya chenga kope za mtu bado zipo, na programu ya kuhariri inaweza kuzipunguza chenga hizo. Mtikisiko umeshazisambaza kope shavuni, na kuzirudisha mahali pake ni kazi ambayo programu huifanya kwa shida, mara nyingi kwa kubuni. Simu zenyewe, katika hali ya usiku, hupiga fremu kadhaa fupi na kuziunganisha ili kupunguza chenga. Hata hivyo anayetembea huweza kutoka kama kivuli.

Stendi ina mahali pake: kuta za Ngome Kongwe, ISO 100, na taima ya sekunde 2, maana kidole chenyewe kikibonyeza huitikisa kamera. Geukia baharini kwa mipangilio hiyohiyo, na jahazi lililotia nanga litatoka na mlingoti uliofutika, kwa sababu maji hayakuacha kulibembeza.