Shilingi moja ya mshahara wa Waziri

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Tanzania hukaa Dodoma likiwa na kazi moja kubwa kuliko zote: kuidhinisha fedha ambazo Serikali itaanza kuzitumia tarehe 1 Julai. Katika miezi hiyo wasikilizaji huchangamka wanapomsikia mbunge akitangaza kwamba asipopata maelezo ya kuridhisha atashika shilingi ya mshahara wa Waziri. Wengi huyachukulia maneno hayo kama vitisho vya kisiasa. Kumbe ni hoja rasmi, yenye nafasi yake katika Kanuni za Kudumu za Bunge. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo nyenzo kali kuliko zote alizonazo mbunge asiye na cheo chochote.

Waziri akishawasilisha hotuba yake, wabunge huichangia, naye huhitimisha kwa kujibu hoja zao. Kisha Bunge zima hukaa kama Kamati ya Matumizi. Spika anakuwa Mwenyekiti, na ile "Mheshimiwa Spika" inageuka "Mheshimiwa Mwenyekiti". Katibu anasoma mafungu, kwa mfano Fungu 43 la Kilimo au Fungu 49 la Maji, kifungu kimoja baada ya kingine. Kifungu kinachotangulia kwa kawaida ni 1001, cha utawala na rasilimali watu, na ndani yake umo mshahara wa Waziri. Hapo ndipo wabunge husimama.

Sababu ya kusimama hapo ni hii: kwenye vifungu vingine mbunge hudai ufafanuzi wa fedha za kifungu hicho tu, kwa nini zimepanda au zimeshuka. Kwenye mshahara wa Waziri anaruhusiwa kuibua suala mahsusi la sera, kwa kuwa Waziri hulipwa kwa kuisimamia sera yote ya wizara yake. Waziri akijibu na mbunge akaridhika, jambo limekwisha. Asiporidhika, anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja, wenzake wanasimama kumuunga mkono, na mjadala unafunguliwa kwa dakika chache. Mara nyingi mawaziri wengine huinuka kumsihi mtoa hoja arudishe shilingi. Akirudisha, yameisha kwa maneno. Akikataa, Mwenyekiti anawahoji wabunge, ndiyo au siyo.

Wananchi huniuliza kwa nini mbunge anayelilia maji ya jimboni kwake apunguze fedha badala ya kuziongeza. Jibu limo katika Ibara ya 99 ya Katiba. Bunge haliwezi kushughulikia pendekezo la kuongeza kodi, au la kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka pendekezo hilo liwe limetoka kwa Rais kupitia kwa Waziri. Njia iliyoachwa wazi kwa mbunge ni ya kupunguza. Kwa hiyo anapunguza kiasi kidogo kabisa, kisichoathiri huduma yoyote, ili apate haki ya kuzungumzia kile kikubwa.

Utamaduni huu tumeurithi kutoka Uingereza, ambako kiasi kilichozoeleka kilikuwa pauni 100. Mwezi Juni 1895 wabunge wa Uingereza walipitisha kwa tofauti ya kura chache hoja ya kupunguza pauni 100 katika mshahara wa Waziri wa Vita, Henry Campbell-Bannerman, wakidai jeshi halikuwa na akiba ya kutosha ya baruti. Serikali ya Lord Rosebery ilichukulia kwamba imepoteza imani ya Bunge, ikajiuzulu. Uzito wa pauni 100 zile ulikuwa katika ujumbe, wala si katika fedha.

Sisi tumefika karibu na hapo zaidi ya mara moja, ingawa kwa njia nyingine. Julai 2011, wakati nchi iko kwenye mgao mkali wa umeme, wabunge wa vyama vyote waliibana Wizara ya Nishati na Madini hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaomba bajeti iondolewe ikafanyiwe kazi upya. Ilirudi Agosti. Aprili 2013 ikawa zamu ya Wizara ya Maji. Wabunge waligoma kuipitisha, Serikali ikakaa na Kamati ya Bajeti, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeundwa, na wizara ikarudi na nyongeza ya zaidi ya shilingi bilioni 180. Yaani Katiba inamzuia mbunge kuongeza hata senti, lakini Bunge likisimama pamoja Serikali yenyewe huleta nyongeza.

Mbona basi hayo hayatokei kila mwaka? Kwanza kuna suala la muda. Saa zilizotengwa zikikaribia kwisha, Mwenyekiti hutangaza gilotini, na vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila kuhojiwa. Mabilioni hupita hivyo jioni moja. Kuna pia Ibara ya 90, inayompa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti, na mbunge aliyetoka kwenye uchaguzi wa gharama hausahau uwezo huo. Kura ya mwisho ya bajeti kuu hupigwa kwa kuitwa jina mmoja mmoja, chama chake kikisikiliza.

Lakini kasoro inayoniuma zaidi iko kwenye maswali yenyewe. Chukua mfano wa kubuni. Mbunge wa kwanza anasimama: "Mheshimiwa Mwenyekiti, barabara za jimbo langu ni mbovu, wananchi wanateseka, nataka kauli ya Serikali." Waziri anajibu kwamba Serikali sikivu inatambua changamoto hiyo na itaendelea kutenga fedha kadiri zitakavyopatikana. Makofi, shilingi imerudi. Mbunge wa pili anasema: "Mwaka jana Bunge hili liliidhinisha shilingi milioni 900 za fedha za ndani kwa daraja la kijiji fulani. Hadi Machi halmashauri imepokea milioni 120. Salio linatoka lini, na lisipotoka kabla ya tarehe 30 Juni, mkandarasi atalipwa kutoka wapi?" Waziri hawezi kulikwepa swali hilo kwa neno "changamoto". Ama ataje tarehe, ama akiri kwamba fedha haipo, na jibu lolote kati ya hayo linaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard.

Tofauti ya maswali hayo mawili ni fedha iliyotolewa. Bunge huidhinisha kiasi, lakini Hazina ndiyo hutoa fedha mwezi kwa mwezi, kulingana na makusanyo. Mishahara na deni la Taifa hutangulia. Miradi ya maendeleo ya fedha za ndani husubiri foleni. Ndiyo maana kila hotuba ya bajeti ina aya inayosema hadi mwezi fulani wizara ilipokea kiasi gani, sawa na asilimia ngapi ya kilichoidhinishwa. Mimi huanza kuisoma hotuba kwenye aya hiyo. Mbunge anayeruka aya hiyo akaenda kugombania kiasi cha mwaka ujao anapigania namba ambayo huenda asiione.

Silaha nyingine ya kuhoji ni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Chini ya Ibara ya 143 CAG humkabidhi Rais ripoti hiyo, na Rais huagiza iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao cha kwanza baada ya kuipokea. Hivyo huwa mezani Aprili, wiki zilezile mawaziri wanapoanza kuomba fedha mpya. Lakini mjadala wake rasmi husubiri kamati za Bunge za hesabu za Serikali (PAC) na za Serikali za Mitaa (LAAC) ziwahoji maofisa masuuli, yaani wasimamizi wa fedha, na mwaka 2022 na 2023 ulifanyika Novemba, bajeti nyingine ikiwa imeshaanza kutumika. Hapo ndipo ningependa kuona mabadiliko ya kanuni: wizara isiingie Kamati ya Matumizi kabla ya kujibu, walau kwa maandishi, hoja za ukaguzi zinazoihusu.

Hadi hapo, mwananchi anaweza kuziba sehemu ya pengo hilo. Taarifa Rasmi za Bunge zimo katika tovuti ya Bunge, na siku ya kila wizara hupangwa kwenye ratiba ya mkutano wa bajeti. Barua ikimfikia mbunge wiki moja kabla ya siku hiyo, ikiwa na nukuu ya ahadi ya Waziri ya mwaka jana, tarehe ya kikao na kiasi ambacho halmashauri imepokea mpaka sasa, mbunge ana kila anachohitaji Katibu atakaposoma kifungu 1001.