Adha ya Kelele na Ulinzi wa Mwili

Katika miaka ya 1930, mjini Montreal, tabibu kijana mzaliwa wa Vienna aitwaye Hans Selye alikuwa akiwadunga panya majimaji yaliyokamuliwa katika ovari za ng'ombe, akitumaini kupata homoni ambayo bado haijajulikana. Na kila alipowapasua aliwakuta na ishara tatu zisizoachana: tezi zilizo juu ya figo zimevimba, tumbo limefanya vidonda, na thaimasi, wengu na tezi za limfu, ambazo ni ngome za kinga ya mwili, zimenywea. Furaha yake ilikatika alipoona kwamba hata panya waliopewa sumu nyingine, au waliowekwa katika baridi kali, au waliochoshwa kwa kazi ya nguvu, walipatwa na mambo yale yale. Asiye na subira angaliitupa kazi yote. Yeye aliitafakari, na tarehe 4 Julai 1936 akatangaza katika jarida la Nature, kwa maandishi mafupi mno, kwamba mwili una jibu moja la jumla kwa adha za namna nyingi.

Kelele haikuwamo katika adha alizozitaja siku ile, walakini elimu iliyofuata imeipa mahali pake. Sikio halina kope. Mtu hulala akafumba macho, lakini masikio yake hukesha, na sauti ya ghafla hupeleka habari katika ubongo hata kama mwenyewe haamki. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi huituma tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi zilizo juu ya figo, zikamwaga kortisoli ndani ya damu. Kwa muda mfupi jambo hili ni neema, maana ndilo linalomwezesha mtu kukimbia hatari. Madhara huja pale ambapo hatari haiishi: lori hufuata lori, kipaza sauti hujibu kipaza sauti, na kortisoli haipati nafasi ya kushuka.

Thaimasi ndiyo inayotangulia kulipa gharama. Tezi hii hukaa nyuma ya mfupa wa kidari, kubwa kwa mtoto na yenye kusinyaa kadiri umri unavyosogea, na matabibu wengi waliidhania haina kazi mpaka mwaka 1961, Jacques Miller alipoonyesha mjini London kwamba kipanya aliyeondolewa thaimasi mara baada ya kuzaliwa hubaki bila kinga na hufa kwa maradhi. Ni mfano wa chuo ambacho chembe nyeupe changa hutahiniwa, zijifunze kumbagua adui na kuuacha mwili wenyewe salama. Na chembe hizo changa, kwa msiba, ndizo zinazokufa upesi zaidi kortisoli inapozidi. Hivyo kunywea alikokuona Selye kulikuwa kufa kwa wanafunzi kabla ya kuhitimu.

Je, kuna kitu cha kuukinga mwili na madhara haya? Hapa ndipo mitishamba inapoingia, na inafaa tuende Chennai, kusini mwa India, mji wenye ghasia za magari na wenye tiba ya kale ya Ayurveda kwa pamoja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Madras walitangaza mwaka 2006 jaribio ambalo panya walipigiwa kelele ya desibeli 100 kwa saa 4 kila siku, muda wa siku 15. Msomaji akumbuke kuwa kila desibeli 10 zinazoongezeka huzidisha nguvu ya sauti mara 10, kwa hiyo desibeli 100 ni mara 1,000 ya desibeli 70. Kortikosteroni, ambayo kwa panya hufanya kazi ya kortisoli, ilipanda, akiba ya kuzuia uharibifu wa chembe ikapungua, na utendaji wa kinga ukavurugika. Lakini panya waliolishwa kwa siku 48 triphala, yaani unga wa matunda matatu makavu, amla, haritaki na bibhitaki, walikingwa na mabadiliko hayo kwa kiasi cha kuonekana. Mtulasi nao, ulio wa jamii moja na mrehani wa pwani yetu, umejaribiwa kwa panya wa kelele ukaleta matumaini.

Habari hizi nazipokea kwa heshima, bali sizipokei kama tiba. Panya husikia sauti nyembamba ambazo binadamu hazisikii kabisa, tena yule wa maabara hana mahali pa kukimbilia. Na kipimo cha triphala alicholishwa, gramu 1 kwa kila kilo ya mwili, hakihamishwi kwa binadamu kwa mzani wa dukani. Fauka ya hayo, mti kuwa wa asili si dhamana ya usalama: ashwagandha, unaosifiwa duniani kwa kutuliza wasiwasi na ambao huota wenyewe hata Afrika Mashariki, umehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji. Wala udugu wa mrehani na mtulasi hautoshi kuupa mmoja sifa za mwenziwe.

Dalili moja iliyotokea kwa wanadamu inastahili kutajwa. Mjini Mainz, Ujerumani, watu 75 wenye siha njema walilala vitandani mwao huku wakisikilizishwa sauti za ndege zilizorekodiwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha adrenalini ikipanda na mishipa ya damu ikipoteza wepesi wake wa kutanuka, na baadhi yao walipopewa vitamini C mishipa ikapata nafuu. Ni jambo la mishipa, si la thaimasi, lakini linatia nguvu dhana ya kuwa vitu vya mimea, amla ikiwa na vitamini hiyo kwa wingi, huenda vikapunguza athari za kelele kwa binadamu pia.

Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti wa tiba asili umekuwapo tangu 1974, na swali hili ni la kupelekwa huko, lipimwe kwa watu na kwa miti tunayoishi nayo. Hata hivyo mtishamba ulio bora kupita yote hautakuwa kibali cha kelele. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 kwamba kelele ya barabarani usiku isizidi wastani wa desibeli 45. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009 na Tanzania tangu 2015. Wenye mamlaka ya kuzisimamia wazisimamie, hasa nyakati za usiku na karibu na hospitali na shule, nasi wenye redio na vipaza sauti tuvipunguze leo bila kungoja askari.