Kuzima Moto wa Kisima Si Kukifunga

Majeshi ya Iraq yalipotimuliwa Kuwait mwaka 1991, yaliacha visima vya mafuta zaidi ya 600 vikiwaka. Yalikuwa yametega baruti kwenye vali zinazofunga midomo ya visima. Vali zilipopasuka, mafuta yakafumuka kwa nguvu ya mgandamizo wa chini ya ardhi, huku yakiungua. Moshi uliziba jua mchana kweupe.

Wengi hudhani kazi ngumu ilikuwa kuuzima moto. Kwa kweli kisima kilichozimwa kabla ya kufungwa kinaweza kuwa hatari kuliko kinachowaka. Mafuta huendelea kumwagika, gesi hutanda bila kuonekana, na cheche moja inatosha kuwalipua wote waliopo. Tena gesi hiyo huweza kuwa na haidrojeni salfaidi, sumu inayoua kwa kuvutwa puani. Ndiyo maana mabingwa wa kazi hii mara nyingine huuacha moto uwake mpaka vifaa vya kufungia viwe tayari.

Huko Kuwait, mabomu ya ardhini yalitangulia kuteguliwa. Kisha yakatakiwa maji, nayo jangwani hayapo. Mabomba yaliyozoea kupeleka mafuta pwani yakageuzwa, yakaleta maji ya bahari hadi kwenye mabwawa yaliyochimbwa karibu na visima. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi ulioiokoa kazi nzima. Bila kupoza mchanga na vyuma, mafuta hushika moto upya hata baada ya kuzimwa. Vyuma vilivyopinda vilikatwa na kuvutwa kando, ndipo moto ukazimwa kwa maji mengi au kwa mlipuko wa baruti unaotenganisha mwali na mafuta. Wahungaria walikuja na kifaru kilichobebeshwa injini mbili za ndege za MiG-21, kikipuliza maji kwa kishindo.

Mwisho vali mpya ilishushwa kwa winchi, au bomba lililochongoka likachomekwa mdomoni mwa kisima na tope zito likasukumwa humo kuyakandamiza mafuta. Watu walifanya hayo wakiwa wamelowa mafuta chapachapa.

Kisima cha mwisho kilifungwa Novemba 6, 1991, ilhali wapo waliotabiri kazi ingechukua miaka. Lakini mafuta ambayo hayakuungua yalituama yakawa maziwa jangwani, na miaka 30 baadaye Kuwait ilikuwa bado inausafisha mchanga wake.