Mahali Ufagio Usipofika



Msafiri apitaye asubuhi katika vilima vyetu vya Buha, kutoka Kasulu kuelekea Kibondo, huona jambo la kupendeza: nyua zimekwisha kufagiliwa. Akina mama na binti zao wameinama tangu alfajiri, na udongo mwekundu mbele ya nyumba una michirizi ya ufagio kama nywele zilizochanwa kwa kitana. Kazi hiyo twaisifu. Lakini leo twataka kusema habari za mahali pengine, hatua chache tu kutoka uani, ambapo watu wote wa nyumbani hupita kutwa wala hapana apaangaliaye, napo ni pale mlangoni penyewe. Kuna ufa chini ya kizingiti, kuna pembe nyuma ya mlango, na kuna mkeka wa wageni uliosimamishwa ukutani mwezi mzima. Ufagio hupita mbele yake, hauingii.

Nasi hatusemi kwa kuwashutumu wengine, maana kosa hili lilikuwa letu kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mwenzetu alitufikia jioni, mvua ikinyesha, na baiskeli yake imejaa matope. Tulifurahi sana. Tukawasogeza kuku waliokuwa wakilala chumba cha mbele, tukamtandikia mkeka karibu na mlango, akalala. Asubuhi akanywa uji, akaenda zake. Baada ya siku kama nane tukasikia kwamba ameshikwa na homa kali. Watu wake wakadhani ni malaria, wakampa dawa yake. Siku ya tatu homa ikamwacha, akatoka kitandani, akamshukuru Mungu. Juma moja halikupita homa ikarudi, ikamwangusha tena. Ndipo alipopelekwa hospitali, damu yake ikapimwa, ikaonekana kuwa ni homa ya papasi. Daktari akamwuliza, “Ulilala wapi?” Akataja nyumba yetu.

Tulipoletewa habari hiyo tulikasirika. Nyumba yetu ina matofali ya kuchoma na bati juu, na ua wetu husifiwa na majirani! Lakini usiku ule, watoto walipolala, tulichukua taa tukauinua mkeka, tukapiga magoti, tukachokoa ufa wa kizingiti kwa kijiti. Walitoka. Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe, bapa, wa rangi ya udongo, mkubwa kama punje ya kunde. Akiguswa hutulia kana kwamba ni kijiwe, ndiyo sababu macho humpita. Mchana hujificha katika nyufa na mavumbi. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa nusu saa hivi, kisha hurudi shimoni mwake. Haambatani na mwili kama kupe wa ng’ombe, wala aliyeumwa mara nyingi hajui. Tena aweza kukaa miaka bila kula, akingoja. Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu methali hiyo ilikuwa imegeuzwa.

Huenda mtu akauliza, mbona ninyi wenyeji hamkuugua? Aliyeumwa na papasi mara nyingi tangu utoto hupata kinga kiasi, lakini mgeni hana kinga hiyo. Watoto wadogo ndio waumiao sana, na akina mama wenye mimba, maana homa hiyo yaweza kuiharibu mimba. Imewaua hata waganga waliokuja kuichunguza. Mwaka 1905 daktari Dutton, Mwingereza, alikufa kwa homa ya papasi huko Kasongo, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, alipokuwa akiitafuta asili yake. Mwaka huo huo daktari Robert Koch, Mjerumani, aliyekuwa akisafiri upande huu wa ziwa, aliviona vijidudu vya homa hiyo ndani ya mayai ya papasi. Maana yake ni kwamba papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa, na ufa mmoja ulioachwa waweza kuudumisha katika nyumba kwa miaka mingi.

Sasa tuseme habari za funza, hasa kwa walimu. Mdudu huyu si wa asili ya Afrika. Mwaka 1872 alifika Ambriz, katika pwani ya Angola, kwa meli iliyotoka Brazili, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amelivuka bara lote hata pwani ya mashariki. Jike huingia katika ngozi ya mguu, huvimba kama punje ya mbaazi, naye huyaangusha mayai yake, zaidi ya mia, popote mtu yule akanyagapo au akaapo. Yakianguka penye mavumbi makavu, yasiyopigwa na jua wala kuloweshwa na maji, baada ya majuma matatu hivi funza wapya hutoka. Basi hebu mtazame wenyewe: ni mahali gani nyumbani penye mavumbi makavu, kivuli, na miguu mitupu kutwa nzima, kama nyuma ya mlango wakati wa kiangazi? Mtoto akichelewa shuleni, akikanyaga kwa visigino, akikataa kucheza mpira, mwalimu asimwite mvivu kabla hajaitazama miguu yake. Na akiisha kuitazama, aende pia kuutazama mlango wa kwao.

Katika nyumba nyingi kuna pini iliyochomekwa katika mwimo wa mlango. Ndiyo ya kutolea funza. Hutumiwa na baba, na watoto wote, na jirani akiomba. Ndugu zetu, iondoeni leo. Pini hiyo huchukua damu ya huyu kumpa yule, pamoja na homa ya ini na UKIMWI, na kidonda chake ni njia ya pepopunda. Mwenye funza wengi apelekwe zahanati.

Kuhusu usafi wenyewe, sisi tulijifunza hivi. Kwanza toa kila kitu kilichoegemezwa mlangoni, yaani majembe, madumu, gunia la mahindi, viatu vilivyokatika ambavyo hakuna atakayevishona. Mkeka upigwe na kuanikwa juani kutwa. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, ili mavumbi yasiruke yakatua juu ya miimo. Anza pembeni nyuma ya mlango ukija nje, si kutoka katikati ukizisukuma taka pembeni, kama wengi tufanyavyo. Taka hizo zichomwe. Nyufa zichokolewe, zimiminiwe maji yanayochemka, kisha zizibwe kwa udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri, na sakafu yote isilibwe kwa udongo huo hata iwe ngumu. Mwenye uwezo wa saruji aanze na chumba cha mbele. Kuku nao watoke. Twajua habari za mwizi na za kicheche, lakini banda imara huwazuia wote wawili, na papasi hunywa damu ya kuku kama anywavyo yetu.

Kazi hii yataka taa, hata mchana. Tumefundisha mara nyingi habari za yule mwanamke wa Injili ya Luka aliyepotewa na sarafu, wala hatukuwahi kujiuliza kwa nini aliwasha taa kabla ya kushika ufagio. Usiku ule, tukiwa tumepiga magoti kizingitini, tulielewa.

Mwalimu yule alipona, naye alirudi kututembelea kiangazi kilichofuata. Tulimtandikia mahali pale pale. Kabla ya kulala aliomba taa, akainama, akautazama ufa wa kizingiti toka mwanzo hata mwisho, akaupapasa udongo kwa kidole. Hatukumkasirikia. Mama wa nyumba alimshikia taa.