Masizi, Mpunga na Unyayo Wenye Ganzi

Mkulima wa Mlabani anayerudi kutoka shambani na katambuga miguuni ana sababu nzuri ya kuziamini: bei yake ni nafuu, miiba haizipenyi kwa urahisi, tena hudumu miaka. Hata hivyo, mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi kwa ukoma au kisukari aweza kupata kidonda kwa viatu hivyo hivyo, asisikie maumivu hadi aione damu. Chanzo kimo ndani ya mpira wenyewe, katika chembechembe zilizochanganywa nao kiwandani.

Mpira asilia hutokana na utomvu mweupe wa mti ambao Kilombero inaufahamu: shamba la Kalunga lilikusudiwa kukipatia malighafi kiwanda cha General Tyre cha Arusha. Utomvu ukigandishwa, ukakaushwa na kupikwa pamoja na salfa, hutoa mpira unaonyumbuka sana, lakini unaolika upesi ukisuguliwa. Ndipo hutiwa kijazio, yaani unga laini wa kubadili tabia yake.

Kijazio mashuhuri ni masizi, yanayoipa tairi weusi wake. Chembe zake ni ndogo mno, hivyo hata gramu chache zina eneo kubwa la kushikamana na mpira. Matokeo yake mpira huwa mgumu, hauchaniki wala hauliki upesi. Unga wa chokaa, wenye chembe kubwa zaidi, hupunguza gharama na kuongeza ugumu, bali hauongezi nguvu kwa kiasi hicho. Silika huimarisha mpira bila kuutia weusi, nayo imo kwa wingi katika majivu ya maganda ya mpunga, zao lililoipa Ifakara jina. Majivu hayo yamejaribiwa katika nchi mbalimbali. Yasiposagwa laini sana, hayafikii uimara uletwao na masizi. Kanuni ni moja: chembe ndogo zilizosambaa sawasawa huimarisha, chembe kubwa, au zilizoshikana mabonge, huwa mwanzo wa ufa.

Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Shore A, mpira wa tairi unaogusa barabara huwa na takriban 60 hadi 70. Tabaka linalogusa unyayo wenye ganzi lapasa kuwa karibu na 15. Dakta Paul Brand na wenzake, huko Vellore nchini India, walionesha kwamba vidonda vingi vya unyayo hutokana na mgandamizo mdogo unaorudiwa maelfu ya mara mahali pamoja. Kwa hiyo sandali za wagonjwa wa ukoma zilitengenezwa kwa mpira wenye vitundu vidogo vya gesi, unaobonyea na kuusambaza uzito. Kwa kuwa mpira huo hulika upesi, chini yake hubandikwa soli ngumu. Laini juu, ngumu chini.

Somo hili lina uzito wa pekee Ifakara, ambako Kituo cha Nazareti kimehudumia wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi. Mhudumu wa afya anayepima mguu kwa uzi wa nailoni wa gramu 10 akague na kiatu pia. Alibonyeze tabaka la juu kwa kidole gumba: lisipobonyea, ni gumu mno, likibonyea hadi soli ya chini ihisike, limechoka. Fundi atumie gundi na uzi, kamwe si misumari, na ahakikishe hakuna waya wa tairi uliochomoza.

Mgonjwa naye azikague nyayo zake kila jioni, na kiatu kabla ya kukivaa. Atumie macho, kwa kuwa mkono nao waweza kuwa na ganzi. Katambuga si lazima zitupwe. Zikiongezewa tabaka laini na mikanda isiyobana, ule ugumu uliokuwa ukiumiza unyayo utabaki chini, ukikabiliana na miiba na mawe.