Kwa Nini Mto, Mshipa wa Damu na Bomba Hufanana

Msafiri atazamaye bonde la Rufiji kutoka ndani ya ndege huona umbo ambalo daktari pia huliona katika picha za mishipa ya damu. Vijito huungana kuwa mito. Kilombero na Luwegu hukutana na kuufanya Rufiji. Ruaha Mkuu huingia mbele zaidi. Kisha, mkabala wa kisiwa cha Mafia, mto hugawanyika kuwa matawi ya delta. Je, mfanano huo ni wa bahati tu? Makala haya yanaeleza kwamba sivyo, na kwamba jambo hili linamhusu kila mwanakijiji anayengojea maji bombani.

Gharama mbili

Kila kitu kinachotiririka katika njia hudai gharama mbili. Ya kwanza ni nguvu ya kushinda msuguano: kadiri njia inavyokuwa nyembamba, ndivyo nguvu hiyo inavyozidi. Ya pili ni gharama ya njia yenyewe. Bomba pana huhitaji mali nyingi zaidi, na mshipa mpana huhitaji damu nyingi zaidi ya kuujaza, damu ambayo mwili hauna budi kuitengeneza na kuitunza. Ukipunguza gharama moja, nyingine huongezeka. Umbo bora ni lile linaloifanya jumla ya gharama zote mbili iwe ndogo kabisa.

Katika miaka ya 1840 daktari Mfaransa, Jean Poiseuille, alionyesha kwa majaribio ya vijineli vya kioo kwamba kipenyo kikipunguzwa kwa nusu, kimiminiko kinachopita kwa utulivu hubaki sehemu moja tu ya kumi na sita. Mwaka 1926 Cecil Murray wa Marekani alitumia kanuni hiyo kukadiria vipenyo vya mishipa. Mshipa wenye kipenyo cha vipimo 10 ukigawanyika sawasawa kuwa miwili, kila tawi liwe na vipimo karibu 8. Hesabu yake ni hii: 10 × 10 × 10 ni 1,000, 8 × 8 × 8 ni 512, na matawi mawili ni 1,024. Mishipa mingi midogo ya mwili hukaribia sana uwiano huo.

Nani anayepiga hesabu?

Mtoni hakuna mhandisi. Maji yakienda kasi humomonyoa kingo na kujipanulia njia. Yakipunguza mwendo huacha mchanga na tope, na njia hujibana. Mwaka 1953 Wamarekani Leopold na Maddock walionyesha kwamba kwa kadiri mto unavyoteremka, upana wake huongezeka takriban kwa kipeuo cha pili cha wingi wa maji: maji yakiwa mara nne, upana huwa karibu mara mbili. Vivyo hivyo, seli zilizo ndani ya ateri huhisi msuguano wa damu inayopita. Msuguano ukizidi kwa muda mrefu, mshipa hupanuka, ukipungua, hupungua. Basi umbo bora hutokana na marekebisho madogo yasiyokoma.

Bomba halijirekebishi

Hapa ndipo kazi ya mhandisi inapotofautiana na ya mto. Bomba lililofukiwa hubaki na kipenyo kilekile lililonunuliwa nacho. Katika mabomba ya vijiji maji kwa kawaida huenda kwa msukosuko, kwa hiyo uwiano hubadilika kidogo: bomba la sentimita 10 likigawanyika sawasawa kuwa mawili, kila tawi lifae kuwa la karibu sentimita 7.5. Kwa urefu uleule na msukumo uleule, bomba la nusu kipenyo hupitisha takriban sehemu moja ya sita tu ya maji. Hata mabomba mawili ya namna hiyo hayafikii lile moja kubwa.

Kwa hiyo, fedha zinazookolewa kwa kununua bomba jembamba hulipwa na kijiji kilicho mwisho wa mstari. Walio karibu na tangi huchota. Walio mbali hurudi na ndoo tupu, wakidhani chemchemi imekauka. Mto hukosea leo na kujisahihisha masika yajayo. Sisi hatuna budi kupiga hesabu kabla ya kuchimba mtaro.